Je, wajua kwa nini kujaribu mambo matatu mapya kunachosha kuliko saa zake?

Mtu ameajiriwa. Jioni anajifunza cherehani, Jumamosi ana darasa la Kifaransa, na uani ameingiza vifaranga. Ukijumlisha saa zote, hazifiki 15 kwa wiki. Mbona basi mwezi wa pili ameacha yote matatu, na amechoka kama aliyelima shamba zima?

Kinachomchosha ni viporo, yaani mambo aliyoyaanza bila kuyamaliza. Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik, akiwa Berlin, alichapisha majaribio ambamo watu walikumbuka zaidi kazi walizokatizwa kuliko walizomaliza. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akihamia kazi nyingine kabla ya kuifunga ya kwanza, sehemu ya mawazo yake hubaki kule alikotoka, na kazi mpya huifanya vibaya zaidi. Sasa fikiria: kushona shati kuna mwisho. "Kuwa fundi" hakuna mwisho. Ukibeba "kuwa" tatu kwa mpigo, hakuna siku unayolala umemaliza kitu.

Habari njema ni kwamba si lazima kazi iishe ndipo akili ipumzike. Wanasaikolojia E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha mwaka 2011 kuwa mpango mahususi, wa lini na vipi, hupunguza mawazo ya kiporo hata kabla kiporo chenyewe hakijaguswa. Kwa hiyo jaribio lolote la maisha lipewe vitu vitatu kwa maandishi: swali moja, tarehe ya mwisho, na kiasi cha fedha ambacho kikipotea hakuna atakayelala njaa. Na yaende moja moja. Kifaransa kitasubiri.

Kuku wa nyama ni mfano mzuri kwa sababu mwisho wanao wenyewe: wiki 5 hadi 6 wanauzwa. Chukua vifaranga 50, usichukue 200 kwa kushawishiwa na bei ya jumla. Hao 50 wakikua watahitaji mita 5 za mraba, na hadi kuuzwa kila mmoja atakula karibu kilo 4, yaani wote pamoja mifuko minne ya kilo 50. Tenga kwenye bajeti fedha ya chakula chote kabla kifaranga hakijaingia. Wengi hukwama wiki ya nne, kuku wanapokula zaidi na fedha imekwisha; hapo ndipo mkopo unapoingia, na jaribio linageuka deni.

Wiki mbili za kwanza ndizo zinazomvunja mwajiriwa. Bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, inataka joto la nyuzi 32 hadi 34 wiki ya kwanza, kisha lishuke kama nyuzi 3 kila wiki. Kipimajoto kinasaidia, lakini vifaranga wenyewe husema: wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakikimbilia pembeni wakihema joto limezidi. Umeme ukikatika saa nane usiku, lazima mtu aamke awashe jiko la mkaa, na aache upenyo wa hewa. Chanjo nazo zina siku zake. Ratiba inayotumika sana ni chanjo ya ugonjwa wa kideri (Newcastle) siku ya 7, ya ugonjwa wa gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21. Chanjo ikitiwa kwenye maji ya kunywa, wanyimwe maji kwa saa moja au mbili kwanza ili wanywe kwa kiu, na maji ya chanjo yasiwe na klorini, kwani huua virusi hai vya chanjo. Basi omba likizo, au kubaliana na mtu wa nyumbani, kwa siku hizo hasa.

Swali la duru ya kwanza, yaani kundi la kwanza la kuku, lisiwe "nitatajirika?" Liwe dogo: je, naweza kulea 50, wafe wasiozidi 3, na kazini nisichelewe? Kila usiku andika dakika ulizotumia, waliokufa, na kilo za chakula. Katikati ya duru usiongeze vifaranga wala usibadili swali, hata mambo yakienda vizuri.

Ajira iache palepale. Watafiti Joseph Raffiee na Jie Feng, kwa takwimu za Marekani walizochapisha mwaka 2014, waligundua kuwa walioanza biashara wakiwa bado kazini, kisha wakahamia, walikuwa na hatari ya kuiacha biashara hiyo pungufu kwa theluthi moja kuliko walioruka mara moja.

Kuku wakishauzwa, banda linataka wiki 2 tupu: toa maranda yote, osha, pulizia dawa ya kuua vijidudu, acha likauke. Usitoe oda ya vifaranga kabla banda halijakauka. Siku hizo 14 ndizo za kukaa na daftari na kuamua: duru ya pili, au sasa cherehani.