Akiba ya miunganisho: moduli nyingi, kanzidata moja

Muunganisho ni njia ya mawasiliano iliyo wazi kati ya programu na kanzidata. Kuifungua kuna gharama: programu hubisha hodi kwenye seva kupitia mtandao, hukubaliana nayo jinsi ya kusimba mazungumzo, kisha hutoa jina na nywila. PostgreSQL, mfumo mmojawapo wa kanzidata, huanzisha mchakato mpya kwa kila muunganisho. Usipobadilisha mipangilio, inaruhusu miunganisho 100, na 3 kati ya hiyo imetengewa wasimamizi.

Akiba ya miunganisho ni kundi la miunganisho iliyokwisha kufunguliwa, inayongoja kazi. Mwenye haja huazima mmoja, huutumia, huurudisha. Haukatwi, na anayefuata anaukuta ukiwa hai.

Matatizo huanza programu ikigawanywa katika moduli, yaani sehemu zenye kazi zake: moduli ya mauzo, ya ghala, ya malipo, kila moja ikajitengenezea akiba yake. HikariCP, maktaba ya akiba za miunganisho inayotumika sana kwenye lugha ya Java, huweka hadi miunganisho 10 kwa akiba moja isipoelekezwa vingine. Moduli 12 zinaweza kudai 120. Ukizijaribu mojamoja zote hufaulu. Zikifanya kazi pamoja, seva inaanza kukataa wateja. Na ukikagua msimbo wa moduli yoyote, huoni kosa.

Kwa hiyo akiba iundwe mara moja tu, pale programu inapoanzia, halafu moduli zikabidhiwe. Moduli ya ghala haina haja ya kujua nywila ya kanzidata.

Hapa wengi hujikwaa: kushiriki akiba si kushiriki muunganisho. Tuseme mauzo yanaandika stakabadhi, na ghala linapunguza mzigo, yote katika muamala mmoja, yaani kazi zinazothibitishwa zote au kufutwa zote. Ghala likiazima muunganisho wake mwingine, halitaiona stakabadhi ambayo bado haijathibitishwa. Mauzo yakifutwa, mzigo unabaki umepungua. Baya zaidi, maombi 10 yakifika kwa pamoja, kila moja likashika muunganisho mmoja na kungoja wa pili, akiba imekwisha na hakuna wa kuachia. HikariCP itangoja sekunde 30 kabla ya kutoa kosa, na muda wote huo mteja anatazama skrini.

Ghala basi lipokee muunganisho uleule kutoka kwa mauzo yaliyoliita, na kuurudisha iwe kazi ya mauzo, yaliyouazima, hata kosa likitokea katikati.