Skarabi: yule dundu wa mawe wa Misri ana maana gani?

Ukiingia makumbusho yenye vitu vya Misri ya kale, iwe ile ya Cairo au British Museum kule London, utakuta kabatini vidundu vya mawe, vingi havizidi kidole gumba, na watu wanavipita tu wakikimbilia maiti zilizokaushwa. Hizo ndo skarabi.

Dundu mwenyewe tunamjua, ni yule anayebingirisha donge la mavi ya ng'ombe. Wamisri walimwona kama anayesukuma jua angani, halafu watoto wake wanatokea ardhini, kwenye donge, kama wamejiumba wenyewe, basi wakamhusisha na Khepri, mungu wa jua la asubuhi. Na raha ya hii kitu ni kwamba kwa lugha yao neno kheper, yaani kuwa au kutokea, liliandikwa kwa picha ya dundu huyohuyo, kwa hiyo ukivaa skarabi ni kama umevaa neno lenyewe.

Ila utamu uko tumboni. Chini ni bapa, pamechongwa jina la mfalme au la ofisa au dua, na kuna tundu toka kichwani mpaka nyuma la kupitisha uzi au kufungia kwenye pete, ukiigandamiza kwenye udongo mbichi tayari una mhuri. Nyingi ni za steatiti, jiwe laini la kuchongeka bila tabu, likishapakwa rangi ya kung'aa na kuchomwa linakuwa gumu. Amenhotep wa 3, mfalme wa Misri, yeye alizigeuza gazeti kabisa, akatoa kubwakubwa za matangazo, moja inasema kaua simba 102 kwa mishale yake mwenyewe ndani ya miaka 10 ya kwanza ya utawala (mi hapo nahisi chumvi).

Kuna na skarabi ya moyo, hii ilikuwa inawekwa kifuani kwa maiti, na maneno yake yanausihi moyo usije ukamtolea mwenyewe ushahidi mbaya siku ya kupimwa kwenye mizani mbele ya Osiris, mungu wa wafu. Moyo wako mwenyewe unaubembeleza usikuchome!

Halafu ukikuta jina Menkheperre, jina la kifalme la farao Thutmose wa 3, ambalo nalo lina dundu ndani, usikurupuke kusema skarabi hiyo ni ya enzi zake, maana waliendelea kulichonga karne na karne baada ya yeye kufa, na feki za kuuzia watalii nazo zipo kibao tangu karne ya 19.