Gothi ni nini hasa, na ule weusi umetoka wapi

Huku kwetu kijana akivaa nyeusi tii kuanzia buti mpaka kucha, wanja umezunguka jicho lote na msalaba mkubwa shingoni, hafiki mwisho wa mtaa hajaitwa freemason. Kumbe ni gothi tu. Ukimuuliza atakwambia gothi ni muziki, kwanza kabisa ni muziki, halafu ndo yanakuja mavazi, halafu ile tabia ya kupenda vitu ambavyo wengine wanavikwepa, makaburi, majumba mabovu, mapenzi yanayoishia msibani. Mimi nikielezea huwa nasema gothi ni belo la mitumba, kila kilichomo kilishavaliwa na mtu mwingine, wao wamechambua tu wakachukua vyeusi.

Hata jina lenyewe ni la mtumba. Wagothi walikuwa watu wa jamii za Kijerumani, mfalme wao mmoja Alaric aliivamia Roma mwaka 410 akaipora siku tatu, na hawana undugu wowote na hawa wa leo. Miaka elfu na ushee baadaye Waitaliano, mchoraji na mwandishi Giorgio Vasari akiwemo, wakayaangalia yale makanisa marefu ya kaskazini yenye matao yaliyochongoka wakaona ushamba mtupu, wakasema hiyo ni kazi ya Wagothi. Ilikuwa tusi, na tusi likakaa likawa jina. Majengo yenyewe yakazeeka, mengine yakabaki magofu, na 1764 Muingereza Horace Walpole akatoa riwaya ya kasri lenye mauzauza, toleo lililofuata akalipachika "hadithi ya kigothi", basi neno likatoka kwenye mawe likaingia kwenye uoga. Riwaya za Frankenstein ya 1818 na Dracula, yule mnyonya damu, ya 1897 zilipita njia hiyohiyo.

Weusi nao una mama yake. Malkia Victoria alifiwa na mumewe Albert 1861 na hakuvua nyeusi mpaka anakufa 1901, sasa mjane wa Kiislamu anakaa eda miezi minne na siku kumi, huyu alikaa karibu miaka 40, na nchi nzima ikamuiga, magauni ya msiba, shela, hadi vito vya msiba vya jiwe jeusi. Ule wanja ni safari nyingine kabisa, filamu za bubu za Marekani ziliupenda, Theda Bara alicheza Cleopatra 1917 macho yamekolezwa hasa, kwa hiyo ukifuata uzi mpaka mwisho unatokea Misri. Na ile alama kama msalaba wenye kitanzi juu, ankh, ni ya Misri ya kale pia, maana yake uhai. Watu wanaona shetani hapo!

Ila hivyo vyote vilikuwa vimekaa tu kabatini mpaka muziki wa panki ulipotokea Uingereza. Panki ilikuwa kelele na hasira, ikachoka haraka, na waliobaki wakapunguza mwendo. Muimbaji Siouxsie Sioux alianza 1976 akiwa panki kabisa, bendi ya Joy Division wakaja na ule ubaridi wao wa Manchester, lakini wimbo ambao wengi wanauhesabu ndo mwanzo ni Bela Lugosi's Dead wa bendi ya Bauhaus, Agosti 1979, Bela Lugosi akiwa ndo yule aliyecheza Dracula kwenye filamu ya 1931. Usikilize usiku. Una dakika 9 na zaidi, ngoma inagonga kama kijiti kwenye mbao na kila pigo linarudi kwa mwangwi, besi inashuka taratibu, gitaa linakwaruza pembeni, na zinapita karibu dakika 3 muimbaji hajafungua mdomo. Ule mwangwi unajua wameutoa wapi? Dub ya Jamaika, ile rege iliyojazwa mwangwi studio. Yaani wimbo wa popo na majeneza una rege ndani yake, na hiki ndo kitu nachokipenda kuliko vyote kwenye habari hii.

Julai 1982 ikafunguliwa klabu London inaitwa Batcave, pango la popo, vijana wakapata pa kukutania na magazeti yakapata cha kuandika. Cha kuchekesha, wakubwa wenyewe hawalitaki jina la gothi, Andrew Eldritch wa bendi ya Sisters of Mercy amelikana miaka yote, na Robert Smith wa bendi ya The Cure vilevile.

Ukitaka kuona belo lote limefunguliwa mahali pamoja nenda Whitby, mji mdogo wa pwani kaskazini mwa Uingereza. Lile jiwe jeusi la vito vya msiba lilichimbwa hapo. Bram Stoker, mwandishi wa Dracula, alikaa hapo 1890 na Dracula wake anatua hapo kwa meli. Juu ya mlima kuna gofu la abasia, yaani makao ya watawa, lenye matao yaleyale aliyoyatukana Vasari, unapanda ngazi 199 kulifikia, na tangu 1994 magothi wanakuja kwa tamasha, wanazipanda hizo ngazi na magauni yao marefu wameyakunja mkononi kwa sababu ya upepo.