Je, wajua kwa nini ngome ya Lovrijenac ina ukuta mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili?

Ngome ya Lovrijenac imekaa peke yake juu ya jabali la mita 37, nje kidogo ya kuta za mji wa bandari wa Dubrovnik, Kroatia. Ukuta wake unaotazama bahari una unene wa mita 12 hivi. Unaotazama mji je? Sentimita 60 tu!

Si kwamba mafundi waliishiwa mawe. Zamani Dubrovnik ilikuwa jamhuri ya wafanyabiashara iliyoitwa Ragusa, na wakubwa wake walihofia kwamba iko siku kamanda wa ngome angewageuka. Akithubutu, mizinga ya mji ingeutoboa ukuta ule mwembamba bila shida.

Ragusa haikumwamini mtu. Mkuu wa jamhuri alikaa madarakani mwezi mmoja tu (hata kiti hajakizoea), na hakutoka nje ya kasri ila kwa shughuli za serikali. Wageni nao walitiliwa shaka. Mwaka 1377, kwa hofu ya tauni, baraza liliamuru wanaotoka penye ugonjwa wakae kwanza siku 30 kisiwani Mrkan au katika mji wa Cavtat, ndipo waruhusiwe kuingia. Ni miongoni mwa sheria za mwanzo kabisa za karantini duniani. Waturuki, wenye nguvu kuliko ukuta wowote, walitulizwa kwa kodi ya dukati (sarafu za dhahabu) 12,500 kila mwaka, na meli za Ragusa zikapata nafasi ya kufanya biashara katika himaya yao.

Kwa ujanja huo jamhuri ilidumu hadi 1808, ilipofutwa na Wafaransa wa Napoleon. Tetemeko la 1667 lilikuwa tayari limebomoa sehemu kubwa ya mji.

Leo watalii huzunguka juu ya kuta za mji, mita 1,940, na tiketi hiyohiyo huwaingiza Lovrijenac. Ukiwa juu, angalia mapaa: vigae vilivyopauka ni vya zamani, vyekundu vya kung'aa vimewekwa baada ya mashambulizi ya 1991 na 1992, ambapo karibu theluthi mbili ya majengo ya mji mkongwe yalipigwa.

Kama ni kiangazi, panda asubuhi mara tu wanapofungua. Adhuhuri huko juu hakuna kivuli, na abiria wa meli za kitalii wanakuwa wamejaa tele. Chupa ya maji ijaze kwenye chemchemi ya Onofrio, karibu na lango la Pile. Ni ya karne ya 15 na maji yake bado yananyweka.