Masale hayalindi mlango: uongo kuhusu zuio (amri ya mahakama ya kumweka mume mbali) ninaousikia kila wiki hapa Moshi

Mama wa tatu wiki hii. Huyu katokea Pasua, jicho halifunguki, kakaa kwenye benchi ananiambia "dada mi siwezi kwenda mahakamani, ukoo haujakaa bado." Kwenye mfuko ana karatasi ya daftari ya kikao cha mwaka jana, mume kaweka dole gumba kwamba hatarudia. Vikao vitatu hivyo vimeshakaa jamani! Cha mwisho mume alikuja na masale, yale majani yetu Wachaga ya kuombea msamaha, na mbuzi, wakala wakanywa yakaisha, wiki mbili tu mkanda umerudi.

Hakuna sheria Tanzania inayosema kipigo lazima kipitie kwa wazee. Kupigwa ni jinai, unaenda Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi siku hiyo hiyo, na Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 66 inasema wazi hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Kinachowachanganya watu ni lile baraza la usuluhishi wa ndoa, kweli lipo, ila linamhusu anayetaka talaka, na hata huko mahakama inaweza kuruhusu usipitie kama mazingira hayawezekani. Anayeomba kutengana tu hadaiwi hati ya baraza. Na shauri la ndoa likishafunguliwa, hata Mahakama ya Mwanzo, unaomba humo humo amri ya kumzuia mume asikufuate wala kukusumbua, ndo kifungu cha 138 hicho. Mwenyekiti wa mtaa akikwambia "rudini mkayamalize nyumbani" huo ni ushauri wake yeye, mshukuru halafu panda bodaboda uende polisi.

Na msiseme nadharau mila, mi Mchaga, nimeona masale yakizima ugomvi wa mashamba wa miaka. Lakini jani linaomba msamaha, haliwezi kusimama mlangoni saa nane usiku.

Mengine haraka haraka. "Hatukufunga ndoa sina haki." Mmeishi pamoja miaka miwili na zaidi watu wanawajua kama mke na mume, sheria inachukulia kuna ndoa mpaka mtu athibitishe vinginevyo, na kipigo ni kosa hata kama mmejuana jana.

"Zuio ni kumfunga baba watoto." Hapana. Zuio linamwambia akae mbali, basi. Akilivunja hapo kajitafutia mwenyewe.

"PF3 inalipiwa." Hiyo ni fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na ni bure, anayekuomba hela anakula. Na kama unavuja damu tibiwa kwanza, fomu itafuata.

Halafu kuna wanaoniletea skrinshoti ya sheria ya Kenya ya 2015. Ni nzuri sana, lakini ni ya Kenya! Sisi hatuna sheria ya peke yake ya ukatili wa majumbani, tunatumia hizo nilizotaja.

Nyie mnaosindikiza, dada na majirani, hapa ndo mnaniudhi zaidi. Amri ikitoka mnapiga vigelegele mnaenda nyumbani, karatasi inakaa chini ya godoro. Mume asipofikishiwa atasema hakujua. Hakikisheni kapelekewa, halafu toeni kopi, moja Dawati, moja kwa mwenyekiti, moja kwa mwalimu mkuu wa watoto, na picha kwenye simu ya mtu ambaye mume hana namba yake. Na tafadhali msimwambie mama wa watu "vumilia kwa ajili ya watoto", watoto ndo wanaoangalia hiyo sinema kila usiku.

Kesho saa mbili asubuhi naenda Dawati na yule mama wa Pasua. Nimemwambia aje na ile karatasi ya dole gumba, kumbe ina kazi, inaonyesha mume mwenyewe alikubali kwamba alimpiga. Na lile gauni lenye damu asilifue.