Mtoro si marehemu: maana ya taarifa iliyokatika katika uchambuzi wa uhai

Kwenye kliniki za magonjwa ya kudumu, mgonjwa aliyeacha kuhudhuria huitwa mtoro. Jina lake limo kwenye rejista, tarehe aliyoonekana mara ya mwisho imo, na baada ya hapo safu ni tupu. Amefariki? Amehamia Manyoni? Yuko shambani Bahi na dawa zimemwishia? Uchambuzi wa uhai ni tawi la takwimu linaloshughulika na muda wa watu kama huyu: jinsi ya kumhesabu bila kumzulia kifo wala uzima.

Kinachopimwa ni muda kuanzia siku ya mwanzo iliyowekwa wazi, kwa mfano siku ya kuanza dawa, hadi tukio linapotokea. Tukio si lazima liwe kifo. Linaweza kuwa saratani kurudi, kidonda kupona, mtoto kuugua malaria kali kwa mara ya kwanza, hata pampu ya kisima cha kijiji kuharibika. Edward Kaplan na Paul Meier, Wamarekani walioandika pamoja makala ya mwaka 1958 ambayo bado ni msingi wa fani hii, walianza kila mmoja kivyake: Meier akishughulika na wagonjwa wa saratani, Kaplan na uhai wa vifaa vya kukuza sauti kwenye nyaya za simu zilizolazwa chini ya bahari. Hesabu ikawa ile ile.

Dhana mama hapa ni taarifa iliyokatika. Mtu aliyeonekana mara ya mwisho mwezi wa 5 ametuachia jambo moja la kweli: aliishi angalau miezi 5. Hilo ni pungufu ya tunachokitaka, lakini si sifuri.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wagonjwa 10 wameandikishwa katika kliniki moja mjini Dodoma na watafuatiliwa miezi 24. Wanne wanafariki, katika miezi ya 3, 8, 12 na 18. Watatu wanapotea machoni mwa kliniki: mmoja mwezi wa 5, mwingine mwezi wa 8, mwingine wa 15. Watatu waliobaki wanafika mwezi wa 24 wakiwa hai. Ni asilimia ngapi wanaovuka miezi 24?

Ukiwachukulia watoro wote kuwa hai, utasema asilimia 60. Ukiwachukulia kuwa wamefariki, utasema 30. Ukiwafuta kwenye orodha, wanabaki watu 7, wazima 3, yaani asilimia 43. Kosa hili la kuwafuta hutokea mara nyingi, kwa sababu linaonekana kama usafi wa data. Kumbe mtu aliyekaa miezi 15 bila kufa ametupwa pamoja na ushahidi wake wote, huku waliokufa wakibaki kamili. Matokeo yanaelemea upande wa kifo.

Njia ya Kaplan na Meier haiulizi swali la miezi 24 kwa mkupuo. Inasimama kila siku kifo kinapotokea na kuuliza: kati ya waliokuwa bado kwenye hesabu siku hiyo, wangapi wamevuka? Mwezi wa 3 walikuwepo 10, wamevuka 9: asilimia 90. Mwezi wa 5 mmoja anatoka kimya, hakuna kinachozidishwa, ila kigawanyo, yaani idadi ya waliobaki kwenye hesabu, kinapungua. Mwezi wa 8 wapo 8 na mmoja anafariki, wanavuka 7 kati ya 8, 0.9 mara 7/8 ni 0.7875. Aliyepotea mwezi huo huo wa 8 anahesabiwa kwanza kama alikuwepo, ndipo anatolewa. Mwezi wa 12 wapo 6, wanavuka 5, tunafika 0.656. Mwezi wa 15 mwingine anatoka. Mwezi wa 18 wapo 4, wanavuka 3, na jibu ni 0.492, yaani asilimia 49. Kila mtoro ametumika hadi siku yake ya mwisho, kisha akaachwa aende.

Ukizichora asilimia hizo, unapata mstari unaoshuka kama ngazi, na hapo pia unapata muda wa kati, yaani siku mstari unaposhuka chini ya nusu: miezi 18. Wastani wa kawaida haufai, kwa sababu huwezi kukokotoa wastani wa miaka ambayo bado haijaisha. Ukiona mchoro wa ngazi wa aina hii usioonyesha chini yake idadi ya watu waliobaki kila kipindi, usiuamini mkia wake. Hapa mkia umebebwa na watu 3.

Sasa sharti, ambalo wengi hulipita haraka. Hesabu hii ni sahihi pale tu sababu ya kupotea haihusiani na hatari ya kufa. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na wakati huo familia nyingi huhamia mashambani kulima mtama, uwele na alizeti. Anayekosa kliniki kwa sababu ana nguvu za kulima si sawa na aliyerudishwa kijijini Mpwapwa akiwa hoi ili auguzwe na ndugu. Wa kwanza akiitwa taarifa iliyokatika, hesabu inaonyesha hali mbaya kuliko ilivyo. Wa pili anaionyesha kuwa nzuri kuliko ilivyo. Wote wawili kwenye rejista wanafanana: safu tupu.

Hakuna fomula ya kuwatenganisha ukiwa ofisini. Dawa yake ni miguu. Kama watoro ni 60, chagua 20 kwa kura, kisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii wawatafute nyumba kwa nyumba hadi wapatikane, na kila mmoja wa hao 20 awawakilishe watatu kwenye hesabu. Kura ni muhimu. Ukiwafuata wale tu wanaopokea simu, umechagua walio hai. Kama huna fedha ya kuwatafuta, walau toa mipaka: watoro wote wamekufa, na watoro wote wako hai. Kwa mfano wetu ni kati ya asilimia 30 na 60, na upana huo wenyewe ni taarifa kwa msomaji.

Makosa mengine ni ya tarehe. Muda ni tofauti ya tarehe mbili, kwa hiyo kosa dogo la uandishi linageuka kosa la uhai. Andiko 03/07/2023 ni tarehe 3 Julai kwa muuguzi, lakini kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Kimarekani inasoma Machi 7. Mwezi Januari wengi bado huandika mwaka uliopita. Tarehe ya kuzaliwa isiyojulikana huwekwa 01/01. Kifo huandikwa kwa tarehe ya kliniki ya mwisho badala ya siku ya kifo chenyewe. Kabla ya uchambuzi wowote, tafuta muda ulio hasi na muda ulio sifuri. Baadhi ya programu huwatupa kimya kimya wenye sifuri, na hao mara nyingi ni waliofikishwa wakiwa mahututi na kufariki siku hiyo hiyo.

Kulinganisha makundi kwa sababu nyingi pamoja, kama umri, jinsia na aina ya dawa, hutumika modeli ya mtakwimu David Cox wa Uingereza, ya mwaka 1972. Jibu lake ni uwiano wa kasi ya tukio. Uwiano wa 2 hauna maana kwamba kundi moja linaishi nusu ya muda wa jingine. Maana yake ni kwamba siku yoyote utakayosimama, miongoni mwa walio bado hai, kasi ya kufa upande mmoja ni mara mbili ya upande mwingine. Modeli inadhani uwiano huo haubadiliki kwa muda. Upasuaji ukilinganishwa na dawa unaweza kuvunja dhana hiyo waziwazi, maana hatari yake iko juu siku za mwanzo, kisha hushuka. Na kumbuka nguvu ya uchambuzi inatoka kwenye idadi ya matukio, si idadi ya watu. Kipimo cha kukadiria ni matukio kama 10 kwa kila sababu unayoiingiza. Wagonjwa 500 wenye vifo 12 hawabebi sababu sita.

Kuna kosa moja linalowapata hata wazoefu. Chukua wagonjwa wa sikoseli, au selimundu, na dawa ya hidroksiyurea. Ukiwagawa kwa kuangalia nani aliwahi kuitumia, na kuhesabu muda tangu siku ya kuandikishwa, basi aliyeanza dawa mwezi wa 9 amepewa bure miezi 9 ambayo asingeweza kufa akiwa kwenye kundi hilo. Angekufa mapema, angewekwa kundi la wasiotumia. Dawa itaonekana na nguvu kuliko iliyonayo. Tiba ni kumgawa mgonjwa huyo mistari miwili: mwezi 0 hadi 9 bila dawa, kuanzia wa 9 akiwa na dawa.

Sikoseli inatuvusha hadi epidemiolojia ya jenetiki, yaani uchunguzi wa magonjwa ya kurithi katika jamii, na si kwa bahati. Mtakwimu anaweza kuhama kutoka ugonjwa hadi ugonjwa maisha yake yote ya utafiti, lakini swali linabaki: nani hayumo kwenye daftari, na kwa nini? Mtoro alikuja akaondoka. Kwenye magonjwa ya kurithi, wanaoharibu hesabu zaidi ni wale ambao hawakuja kabisa.

Mtu mwenye sikoseli anayeandikishwa akiwa na miaka 22 tayari amevuka utoto, kipindi kilichowaondoa wengine kabla hawajapimwa. Ukihesabu uhai wake tangu kuzaliwa, umempa miaka 22 ambayo kliniki haikuishuhudia. Sahihi ni kumwingiza kwenye kigawanyo kuanzia umri wa miaka 22. Kifo cha mtu wa miaka 25 kinalinganishwa na wale tu walioandikishwa kabla ya umri huo na bado wanafuatiliwa. Njia hii hairudishi watoto waliokufa bila kujulikana. Hao wanaonekana tu pale kila mtoto anapopimwa akizaliwa.

Ndugu nao hawahesabiki kama watu wasiohusiana. Watoto 40 wa familia 15 wanashiriki jeni, kisima na umbali wa hospitali, hivyo wana ushahidi pungufu ya watu 40. Mtakwimu David Clayton alionyesha mwaka 1978 jinsi ya kuupima uhusiano huo wa kifamilia ndani ya data za muda hadi tukio.

Lakini mtego mkubwa uko kwenye namna familia zinavyopatikana. Baba na mama wote wakiwa wabebaji, AS kwa AS, yaani kila mmoja ana jeni moja ya sikoseli, kila mtoto ana uwezekano wa robo kuwa na SS, yaani kurithi jeni hizo mbili na kuugua. Chukua familia 16 za namna hiyo, kila moja na watoto wawili. Kwa matarajio, 9 hazina mgonjwa, 6 zina mmoja, 1 ina wawili: wagonjwa 8 kati ya 32, robo kamili. Sasa simama mlangoni mwa kliniki. Zile 9 huzioni. Unaona familia 7, watoto 14, wagonjwa 8, yaani asilimia 57, na unaweza kuandika kwamba ugonjwa haufuati kanuni ya urithi.

Wilhelm Weinberg, daktari wa Ujerumani, alitoa suluhisho mwaka 1912: usimhesabu mtoto aliyeifanya familia ijulikane, hesabu ndugu zake. Zile familia 6 zinatoa ndugu 6, wagonjwa sifuri. Ile yenye wagonjwa wawili inahesabiwa mara mbili, kila mtoto akiwa mleta familia kwa zamu yake, na kutoa ndugu 2, wote wagonjwa. Jumla ni 2 kati ya 8. Robo imerudi. Hesabu hiyo haiwezekani kama fomu ya kliniki haina kisanduku kinachosema ni mtoto yupi aliyeletwa kwanza, kwa dalili zake mwenyewe, na ni yupi aliyepimwa kwa sababu ndugu yake alishagundulika.