Tajiri wa kitani aliyezisaka sura za waandishi wa Urusi

Wengi wetu tumeiona sura ya Fyodor Dostoevsky kabla ya kusoma hata ukurasa mmoja wa kazi zake. Ni mwanamume mwenye ndevu nyembamba na koti la kijivu lililomzidi mwili, amekaa upande kidogo, vidole vya mikono miwili vimefungamana juu ya goti, macho yanatazama mahali ambapo hakuna kitu. Vivyo hivyo Leo Tolstoy wa makamo, aliyevaa blauzi pana ya buluu kama ya mkulima na kumkazia macho anayemtazama. Picha hizi zimechapwa kwenye majalada, vitabu vya shule na mabango mara nyingi mno, hata tunazichukulia kana kwamba zilikuwepo tu. Ukweli ni kwamba ziliagizwa na kulipiwa na mtu mmoja wa Moscow ambaye hakuwa mwandishi wala mchoraji. Sisi tunaofanya kazi ya kuelimisha umma kuhusu sanaa huulizwa sana juu ya waandishi wenyewe na mara chache mno juu yake, kwa hiyo leo nataka tuanzie kwake.

Pavel Tretyakov alizaliwa Moscow mwaka 1832 katika ukoo wa wafanyabiashara, na utajiri wake mkubwa ulitoka kwenye kitani: yeye na ndugu yake walikuwa na kiwanda cha kusokota na kufuma huko Kostroma. Alikuwa mtu mkimya, mwenye hesabu kali, asiyependa karamu. Mwaka 1856, akiwa bado kijana, alianza kununua picha za wachoraji wa nchi yake wakati matajiri wenzake walionea fahari picha kutoka Italia na Ufaransa. Mwishoni mwa miaka ya 1860 akaongeza mpango wa pili: kukusanya picha za sura za watu ambao taifa liliwaenzi, yaani waandishi, wanamuziki, waigizaji na wanasayansi. Waandishi ndio waliotangulia.

Kwa nini waandishi? Urusi ya wakati huo haikuwa na bunge. La kwanza lilikutana mwaka 1906. Magazeti yalipitia mikononi mwa wakaguzi wa serikali. Utumwa wa wakulima ulikuwa umefutwa mwaka 1861 tu, na kila mtu mwenye elimu alikuwa na la kusema kuhusu ardhi, mahakama, dini na mfalme, lakini jukwaa la kusemea lilikuwa finyu. Mengi ya mabishano hayo yalihamia kwenye riwaya na mashairi, yakachapwa sehemu kwa sehemu katika majarida mazito ya kila mwezi. Mtu aliyeandika riwaya hakuchukuliwa kuwa mburudishaji. Alisikilizwa kama tunavyomsikiliza mzee wa baraza.

Na wachoraji walikuwa tayari kwa kazi hiyo. Mwaka 1863 wanafunzi kumi na wanne wa Chuo cha Kifalme cha Sanaa, St. Petersburg, walikataa kuchora mada ya mashindano waliyopangiwa: karamu ya mungu Odin katika hadithi za kale za Skandinavia. Wakatoka chuoni. Aliyewaongoza alikuwa Ivan Kramskoi. Mwaka 1870 yeye na wenzake, akiwemo Vasily Perov wa Moscow, walianzisha chama cha maonyesho ya kusafiri, kilichopeleka picha kutoka mji hadi mji ili hata watu wa mikoani wazione. Walichora wakulima, vibarua, mapadri walevi, mitaa yenye matope. Tretyakov akawa mnunuzi wao mkuu.

Mwezi Mei 1872 alimtuma Perov St. Petersburg akamchore Dostoevsky. Mwandishi alikuwa na miaka hamsini, na maisha yake yalikuwa yamemkalia usoni. Desemba 1849, kwa kosa la kushiriki katika kikundi kilichosoma na kujadili maandishi yaliyopigwa marufuku, alisimamishwa uwanjani pamoja na wenzake wapigwe risasi. Bunduki zikiwa zimeinuliwa ndipo ikasomwa amri ya mfalme ya kuwabadilishia adhabu. Akaenda Siberia, gereza la Omsk, miaka minne ya kazi ngumu. Baadaye ukafuata ugonjwa wa kifafa, madeni, kamari na miaka minne ya kukaa Ulaya akiwakimbia waliomdai.

Mke wake, Anna, ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi Perov alivyofanya kazi. Kabla ya kugusa rangi alikuja nyumbani kila siku kwa wiki nzima. Alimkuta mwandishi katika hali mbalimbali, akazungumza naye, akamchokoza kwa mabishano, huku akimchunguza. Alichokuwa akikitafuta ni ile hali ya Dostoevsky anapozama katika fikra zake mwenyewe, hali ambayo Anna aliifahamu vizuri: aliingia chumbani mwake akamwona hivyo, akatoka bila kusema neno, na baadaye mumewe hakukumbuka kwamba mtu aliingia. Hapa ndipo lilipo jibu la swali ninaloulizwa mara kwa mara: kamera zilikuwepo tayari, kulikuwa na haja gani ya rangi? Kamera ya wakati ule ilimtaka mtu atulie tuli, na mtu aliyeamriwa kutulia hutoa uso wa kutulia. Mchoraji aliweza kungoja. Tazama pia Perov alivyojinyima: hakuna kalamu, hakuna kabati la vitabu, hakuna dirisha. Nyuma ni giza tupu, na mwanga umebaki usoni na mikononi.

Tolstoy alikuwa kazi nyingine kabisa. Tretyakov alimwomba tangu mwaka 1869, mwaka ilipomalizika riwaya yake Vita na Amani, naye akakataa, akaombwa tena, akakataa tena. Kiangazi cha 1873 Kramskoi alipanga nyumba si mbali na Yasnaya Polyana, shamba la ukoo wa Tolstoy kusini mwa Moscow. Tretyakov alipopata habari akamwandikia amsihi ajaribu. Mazungumzo yalikuwa marefu. Kwa mujibu wa Kramskoi mwenyewe, alimwambia Tolstoy kwamba picha yake itaingia kwenye jumba la picha la Tretyakov atake asitake. Miaka thelathini au hamsini ijayo mtu ataichora tu, na kitakachobaki ni majuto kwamba haikuchorwa wakati wake. Hoja hiyo ilikuwa na ukali ndani yake, maana ilimwambia mtu mzima waziwazi kwamba atakufa. Ilifaulu. Tolstoy alikubali kwa sharti kwamba zichorwe picha mbili, moja ibaki kwa familia. Hadi leo moja iko Yasnaya Polyana na nyingine Moscow.

Siku zile Tolstoy alikuwa ameanza Anna Karenina. Katika riwaya hiyo yumo mchoraji aitwaye Mikhailov, mkali, mwenye haya na kiburi kwa pamoja, anayemchora Anna wakiwa Italia na kuona ndani yake kitu ambacho mpenzi wake hajakiona. Wasomi wengi wanaona kwamba Kramskoi alichangia kumwumba Mikhailov. Kwa maneno mengine, wawili wale walikuwa wamekaa chumba kimoja, kila mmoja akimchora mwenzake. Napenda kuamini kwamba Kramskoi ndiye aliyefaidi zaidi, kwa sababu sura ile ya 1873, pamoja na yale macho makavu yasiyompendeleza mtu, ni miongoni mwa picha bora za karne hiyo popote pale.

Si kila agizo lilifanikiwa. Ivan Turgenev, aliyeishi Ufaransa miaka mingi, alichorwa Paris mwaka 1874 na Ilya Repin, kijana aliyekuwa huko kwa ufadhili wa masomo. Siku ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kisha mwimbaji Pauline Viardot, rafiki mkubwa wa Turgenev, hakuupenda upande wa uso uliochaguliwa, na Repin akaanza upya. Moto ulikuwa umezimika. Repin mwenyewe hakuipenda picha ile, na Tretyakov hakufurahi.

Wakati mwingine mbio zilikuwa dhidi ya kifo. Mshairi Nikolai Nekrasov, aliyeandika juu ya wakulima kwa lugha ambayo wakulima wangeielewa, alikuwa akifa kwa saratani mwaka 1877. Kramskoi alikuwa akienda kwake na kupata dakika chache tu kila mara, mgonjwa asiweze zaidi. Kwanza alitoa picha ya kifua na mikono iliyokunjwa, yenye heshima zote. Kisha akachora nyingine iliyo kweli zaidi: Nekrasov kitandani, amevaa nguo nyeupe, mwembamba, penseli mkononi, bado anatunga. Aliimaliza mshairi akiwa ameshazikwa, lakini kwenye kona akaandika tarehe 3 Machi 1877, siku Nekrasov alipotunga shairi ambalo mama anambembeleza mwanawe mgonjwa alale usingizi wa mwisho.

Naongeza hapa mtu ambaye hakuwa mwandishi, kwa sababu kisa chake hakiachiki. Modest Musorgsky, mtunzi wa opera Boris Godunov, alilazwa katika hospitali ya kijeshi St. Petersburg mapema mwaka 1881, pombe ikiwa imemmaliza. Repin alimwendea tarehe 2 Machi kwa kalenda ya zamani ya Urusi, siku moja tu baada ya Mfalme Alexander wa Pili kuuawa kwa bomu katika mji huohuo. Mjini ni hofu na askari. Wodini mchoraji ameketi kwenye meza ndogo kwa kuwa hakuwa hata na kiegemezo cha turubai. Alifanya kazi siku nne. Tarehe 16 Musorgsky akafariki. Kwenye picha nywele zimevurugika, pua na mashavu ni mekundu, joho la hospitali limefunguka kifuani, na macho ni safi ajabu. Tretyakov aliinunua kabla ya kuiona. Repin hakutaka kunufaika na malipo hayo. Aliyatoa kwa ajili ya jiwe la kaburi la rafiki yake.

Mwaka uleule Repin alimwandikia Tretyakov barua ya kumpinga. Tajiri alitaka kuongeza picha ya Mikhail Katkov, mhariri wa gazeti la kihafidhina lililowashambulia watu waliotaka mabadiliko. Repin aliuliza kwa hasira atawekwaje pamoja na akina Tolstoy na Nekrasov. Mpango ukaachwa. Hapo tunaona kwamba orodha ile haikuwa kioo safi cha taifa: ilikuwa na upande wake. Katika waandishi walioagiziwa picha, wanawake hawaonekani, ingawa walikuwepo walioandika na kusomwa. Na tunaposema “wa Urusi” tukumbuke kwamba tunazungumzia dola kubwa. Repin alizaliwa Chuguev, karibu na Kharkiv, na mwandishi Nikolai Gogol alizaliwa katika jimbo la Poltava. Sehemu zote mbili leo ni Ukraine.

Waandishi waliingia kwenye picha kwa mlango wa nyuma pia. Repin alipochora, mwaka 1885, Mfalme Ivan wa Kutisha akimkumbatia mwanawe aliyempiga na kumwua, uso wa mwana alimtumia kama kielelezo Vsevolod Garshin, mwandishi wa hadithi fupi aliyesumbuliwa na ugonjwa wa akili na kufariki mwaka 1888 akiwa na miaka 33. Serikali ilikataza picha hiyo isionyeshwe kwa muda. Mwaka 1913 mtu mmoja aliipasua kwa kisu, na Repin, wakati huo mzee, akaitwa kuitengeneza.

Mwaka 1892 Tretyakov aliukabidhi mji wa Moscow mkusanyo wake wote pamoja na ule wa marehemu ndugu yake Sergei. Aliweka sharti kwamba jumba liwe wazi bila kiingilio, kwa kila anayetaka, si chini ya siku nne kwa wiki. Mfalme alitaka kumpa hadhi ya ukabaila. Akasema amezaliwa mfanyabiashara na atakufa mfanyabiashara. Jumba liko palepale, Kichochoro cha Lavrushinsky, ng’ambo ya mto kutoka Kremlin.

Agizo moja la mwisho lilimhusu Anton Chekhov. Osip Braz, kijana wa Odessa, alimchora mwaka 1897 huko Melikhovo, nyumbani kwa mwandishi kusini mwa Moscow. Kazi haikumridhisha, akamfuata Nice, Ufaransa, ambako Chekhov alikuwa akijitibu kifua kikuu, akaanza upya Machi 1898. Kiti kirefu cha kijani, miguu imepishanishwa, miwani ya kubana puani, uso umechoka. Tretyakov aliipata mwaka huohuo, naye akafariki Desemba. Watu wakaipenda. Chekhov hakuipenda hata kidogo. Aliandika kwamba watu wanadai yeye na tai yake wamefanana sana na picha, ila sura ni ya mtu aliyenusa hreni, mzizi ule wa Kirusi unaowasha pua kuliko haradali. Chekhov alipigwa picha nyingi za kamera, nyingine akicheka na mbwa wake, kwa hiyo ziweke kando ya ile ya Braz uamue mwenyewe nani alikuwa na haki.